Kuvua Matema: lipia na siku ya kukatazwa

Kijana aliyetuendesha kwenye boti alikuwa amekaa kwenye mchanga wa Ikombe, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa, jirani na Matema, magoti kayakunja, anakamua fulana yake. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika kutoka kwenye nywele. Mwanangu, wakati huo ana miaka 13, alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe lililopata jua, anatetemeka. Mimi nilikuwa nimesimama na zile hasira zinazomjia mtu akishatoka kwenye hofu. Nikamuuliza yule kijana kama asubuhi hakuiona hali ya ziwa.

"Niliiona, kaka," akasema. "Toka saa kumi na mbili nilijua upepo wa mwera unakuja. Ila mafuta nilishakopa, na wewe ulisema tusipotoka hulipi."

Ni kweli nilisema. Nilimpigia simu nikiwa Mwanjelwa, Mbeya mjini, namba nimepewa na mtu aliyepewa na mtu, tukavutana bei kama tunanunua gunia la viazi vya Uporoto. Aliposhuka hadi pale nilipotaka, nikaona kazi imekwisha. Kisha nikaongeza lile neno: hela utaipata tukirudi, na tusipotoka hakuna malipo. Nililiona ni sharti la kawaida la kujikinga na matapeli. Kumbe nilikuwa nimemfunga mdomo mtu pekee kati yetu aliyelijua ziwa.

Huu ni mwaka wa tatu tangu siku ile, wiki ya Saba Saba. Nimerudi Matema mara kadhaa, na kila likizo zikikaribia napigiwa simu na watu wa Mbeya, wa Iringa, wengine wa Dar, wanaotaka kwenda kuvua Ziwa Nyasa. Wote wanaanza na swali lilelile: boti shilingi ngapi? Najibu, lakini nawaomba wanisikilize kwanza habari ya ule mwera.

Anayetoka Mbeya mjini hulijua ziwa kwa ngozi kabla hajaliona. Unaondoka Uyole na koti, Tukuyu unakuta ukungu juu ya chai na migomba, halafu barabara inaanza kushuka kwelikweli. Ukifika Ipinda koti liko mapajani na madirisha yote ya Coaster yamefunguliwa. Kuna mpunga, kuna kokoa, kuna joto la Kyela. Umetoka mwinuko wa mita 1,700 hivi na unakwenda kwenye maji yaliyo mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Mbele yako Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, na ukuta huo hauishii ufukweni. Unaendelea kushuka chini ya maji. Ziwa hili lina kina kinachofika mita 700 sehemu yake ya ndani zaidi, na upande wa milimani huhitaji kwenda mbali ili mshipi wako usiguse chini.

Sasa chukua ramani. Ziwa ni jembamba na refu, zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Mwera unatoka kusini. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane ndio msimu wake mkali, na ukishika unayasukuma maji urefu wote huo, hakuna kisiwa kikubwa cha kuyavunja nguvu. Wimbi lililoanza mbali huko linakuja kumalizikia kwetu. Ndiyo maana asubuhi ya Matema inaweza kuwa nyeupe na tulivu, watoto wanaoga, na saa nne ukaona mstari wa bluu nzito umejichora kule mbali, na saa nne na nusu mstari huo uko miguuni pako.

Sisi tulitoka saa mbili na nusu, kwa sababu shemeji yangu alitaka kunywa chai kwanza na kijana hakuthubutu kumharakisha mteja. Jaketi okozi zilikuwa mbili, watu wanne. Moja alivaa mwanangu, nyingine kijana alimpa shemeji aliposikia hajui kuogelea. Mawimbi yalipoanza kuingia, mashine ikazima, ikawaka, ikazima tena. Tulichota maji kwa kidumu cha lita tano kilichokatwa shingo. Mwanangu alinishika mkanda wa suruali kwa mikono miwili na hakusema neno lolote. Jioni nilipouvua ule mkanda nikaona ngozi imekunjamana pale vidole vyake vilipokuwa. Ninao mpaka leo, siuvai.

Kijana alikuwa fundi. Nataka hili lieleweke, kwa sababu wengine nikiwasimulia wanaanza kumlaumu. Hakuhangaika kurudi Matema huku mawimbi yanatupiga ubavuni. Aliielekeza pua ya boti kwenye mawimbi, akangoja, akakata taratibu kuufuata mlima mpaka tukapata kimbilio Ikombe, kwa wale akina mama Wakisi wanaofinyanga vyungu. Alitutoa. Mikono yake ilikuwa mizuri na macho yake yaliona mapema. Kibaya kilikuwa mapatano yangu naye. Mtu aliyekopa mafuta, ambaye asipoingia ziwani siku hiyo anarudi nyumbani na deni, umemweka mahali ambapo njaa yake na usalama wako vinavutana, na wewe umeshika upande wa njaa.

Nilimlipa yote. Mwaka uliofuata nilirudi kwa namna nyingine.

Kwanza, sikupiga simu. Nilifika siku moja kabla, jioni, nikashuka hadi ufukweni wakati boti zinarudi. Namba ya simu haikuonyeshi boti, wala haikuonyeshi jinsi mtu anavyoifunga kamba yake. Pili, niliwaendea akina mama wanaoanika usipa, dagaa wa Nyasa. Wao hela yao imo ndani ya zile boti, wengine wamekopesha mafuta, wengine nyavu, na wanajua nani hurudi na nani hutafutwa. Nikawaambia nataka mtu nitakayemwamini, wa kunipeleka mimi na baba yangu kuvua kwa mshipi. Mmoja alinitajia watu wawili. Mwingine akasema, "Mwendee mzee yule wa mwisho kule, ila atakusumbua."

Nilipomuuliza atanisumbua vipi, akasema, "Anachagua siku."

Kwanza nilienda kwa wale wawili. Swali langu lilikuwa moja, na nalipendekeza kwa yeyote: mara ya mwisho ulirudisha boti bila kuvua ilikuwa lini? Wa kwanza alicheka, akaniambia yeye hajawahi kurudi mikono mitupu. Nilimshukuru tukaagana vizuri. Wa pili alikuwa na majibu mazuri, lakini boti yake haikuwa na namba ya usajili ubavuni, na jaketi alisema ataazima kwa jirani. Mambo haya yanaonekana ya kiofisi, na najua wengi huyaruka. Usiyaruke. Chombo cha kubeba watu kinapaswa kuwa kimesajiliwa na kukaguliwa, na ukaguzi wa usalama uko chini ya TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli. Mvuvi awe na leseni. Wewe pia unayekuja kuvua kwa kujiburudisha, leseni yako ipo, ulizia kwa ofisa uvuvi wa halmashauri au kwa BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi ufukweni, watakuelekeza. Na ukiona mtu anayekupeleka ana kokoro nyuma ya nyumba, ule wavu wa kukokota unaokomba hadi mayai na watoto wa samaki, jua kwamba asiyeiheshimu kesho ya ziwa hatakuwa na subira na kesho yako.

Mzee nilimkuta anashona wavu. Nikampa shikamoo, baba yangu akamsalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile," na wakatumbukia kwenye mazungumzo ya koo na vijiji ambayo mimi yalinipita. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya chai Tukuyu kwa miaka mingi. Ziwa amekuwa akiliona kutoka juu, siku zikiwa safi, kama bati linalong'aa, na katika umri wake wote alikuwa hajawahi kulivua. Hilo ndilo lililonifanya nirudi.

Zamu yangu ilipofika nikamweleza mzee mapatano ninayoyataka. Kuna hela ya kutoka na kuna hela ya kukaa. Tukitoka, siku nzima bei hii, na mafuta nanunua mimi leo hii jioni, kwa hiyo hakuna kukopa. Ukiamka ukasema leo hatuendi, unapata nusu ya bei hiyo, bila maswali, na mafuta yanabaki kwenye dumu kusubiri siku nyingine. Na tukiwa ndani, ukisema turudi, tunarudi, bei ni ya siku nzima.

Aliweka sindano ya wavu chini. Akaniangalia kama mtu anayetafuta mtego ulipo. "Hela ya kukaa," akarudia. "Nani atakuambia kwamba nimekaa kwa haki? Nikiwa mvivu tu je?"

Nikamwambia hakuna wa kuniambia, mimi namwajiri yeye ndiye aniambie.

Ilikuwa Oktoba, mapumziko ya Siku ya Nyerere, mwera umeshapungua, kipindi ambacho wengi wanasema ni kizuri. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa ufukweni mimi na baba, thermosi ya chai mkononi. Mzee alikuwa amefika zamani. Alikuwa amesimama, maji yanamfika vifundoni, hatazami mbali wala hatazami juu. Anasikiliza. Mawimbi yalikuwa madogo, yanakuja, yanavuta mchanga, yanakuja.

"Mwanangu, leo tukae," akasema.

Sikuuliza. Baba aliuliza, maana yeye hakuwa sehemu ya mapatano. Mzee akamjibu kwamba yale mawimbi madogo yanakuja kwa pumzi ndefu, kuna kitu kinalisukuma ziwa huko mbali, na wingu limekaa kwenye shingo ya mlima badala ya kichwani. Hakufafanua zaidi.

Nikampa hela yake ya kukaa palepale, kabla jua halijatoka. Tukarudi gesti. Na hapa ndipo ningependa kuwaambia kwamba saa tano dhoruba ilishuka, boti zikapinduka, tukamshukuru Mungu. Haikutokea. Ziwa lilikaa vizuri mchana kutwa. Kulikuwa na upepo kidogo saa saba, ukaondoka. Vijana wawili walikwenda na wakarudi na samaki. Baba alikaa kivulini akitazama maji, na mara mbili alinigeukia kana kwamba ana la kusema, akanyamaza.

Siku hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko ile ya Ikombe. Kumlipa mtu anayekukataza, halafu dhoruba ikaja, ni rahisi, unajiona mwenye akili. Kumlipa na ziwa likabaki shwari, hapo ndipo mapatano yanapopimwa. Maana kama ningeonyesha hata kwa uso kwamba nimeibiwa, kesho yake mzee angetoka tu hata akiwa na wasiwasi, ili anipendeze. Anayelijua ziwa atakataza siku nyingi ambazo zingepita salama, kwa sababu hajui ni ipi kati ya hizo haitapita. Ukitaka akutoe kwenye ile moja, lipia na hizo nyingine.

Kesho yake saa kumi na moja alikuwa tayari ameiweka boti majini. "Twende," akasema, na akaanza kutuvalisha majaketi kwa mikono yake, mimi na baba, akivuta kila mkanda na kuangalia kila kifungo kama anavalisha watoto wa shule. Boti ilikuwa na makafi mawili, nanga, kamba ya akiba, plagi mpya imefungwa kwenye nailoni. Simu zetu nazo akaziingiza kwenye nailoni nyingine. Gizani kule ndani taa za wavuvi wa usipa zilikuwa zinazimwa moja baada ya nyingine. Wao huvua usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ili mwanga wa taa ndio uwavute samaki.

Njiani akapitia nyavu zake alizotega jana jioni, karibu na mawe. Akaanza kuvuta. Walikuja wale samaki wadogo wa mwambani, bluu iliyokolea, wengine njano na mistari, wale ambao Wazungu huwafuga kwenye matangi ya kioo. Aina za samaki katika ziwa hili ni mamia kwa mamia, hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi hivyo, na ukitazama wavu mmoja tu wa Matema unaamini. Kisha akaja gege, yaani perege, mmoja mkubwa. Mzee akaacha kuvuta. Akamshika kwa viganja viwili, bado yuko ndani ya maji, akamwelekeza baba.

"Mwone kidevu."

Kidevu kilikuwa kimejaa kama cha mtu aliyebugia ugali wa moto. Mzee akayakata macho mawili ya wavu kwa kisu, wavu wake mwenyewe alioushona siku ileile tuliyomkuta, kuliko kumvuta samaki kwa nguvu. Alipokuwa anamtoa, mdomo ulifunguka kidogo, na ndani yake yakaonekana macho. Madogo kama punje za ulezi, mengi, yanatutazama. Baba aliinama mpaka paji la uso likakaribia maji. Yule samaki akafumba mdomo. Mzee akafungua viganja, samaki akashuka polepole, akapotea.

"Huyu ni mama," mzee akasema. "Watoto wako mdomoni mpaka wakue. Siku zote hizo hali kitu. Ndiyo maana kwa ndoana humpati, anapatikana kwa wavu tu. Ukimla huyu umekula kijiji."

Tulifika ukingo wa kina, pale maji yanapobadilika kutoka kijani hadi karibu nyeusi. Akatutilia usipa kwenye ndoana kuwa chambo. Ujanani alivua na Wamalawi wa upande wa Karonga, akatusimulia walivyowahi kukwazana kwa neno hilo, maana kwao chambo ndiye samaki mwenyewe wa kitoweo, ndugu wa huyu tunayemwita gege. Yeye aliomba chambo cha kutia kwenye ndoana, wenzake wakamshangaa anataka kutega samaki mzuri namna ile. Nikamuuliza kina hapa ni kiasi gani. Akasema amewahi kushusha kamba zote alizonazo na jiwe halikufika. "Na huko chini hakuna mtu," akaongeza. Ni kweli: ukivuka mita 250 hivi maji ya ziwa hili hayana oksijeni, samaki hawakai. Maisha yote yale ya rangi tuliyoyaona, na vitoweo vyote vya Kyela, vimo kwenye tabaka la juu, kama malai juu ya maziwa.

Baba alishika mshipi kwa kidole cha shahada kama alivyoelekezwa. Jua lilikuwa halijavuka mlima. Kwa muda mrefu hakuna kilichogusa. Halafu nikaona kidole kinashuka, bega likafuata, na baba, mzee wa miaka 71, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alikuwa kambale, mzito, sharubu ndefu. Akaja wa pili. Jua lilipotoka tukawasha mashine polepole tukaburuta chambo cha bati nyuma ya boti, na saa mbili kasoro akaja mbasa, mwembamba, mweupe kama kijiko kipya. Mzee akasema yatosha. Saa nne tulikuwa ufukweni. Mbasa tulimla mchana huo, kachomwa, na wali wa Kyela, tukitoa miiba taratibu maana mbasa ana miiba. Baba alimwambia mzee "ndaga fijo", asante sana, mara nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu.

Habari ya mbasa ina mwendelezo. Mvua zikishika, samaki huyu hutoka ziwani akapanda mito kwenda kutaga, Lufilyo ukiwa mmoja wapo. Wakati huo anapita njia moja, kwa wingi, na mtu yeyote anayetega mdomoni mwa mto anaweza kujaza boti. Wapo wanaokupeleka hapo na kukuahidi picha nzuri. Mbasa amepungua sana ukilinganisha na wanavyosimulia wazee, na mdomo wa mto ndipo anapomalizwa.

Mwezi wa pili mwaka huu baba aliomba turudi. Nilimpigia mzee, tukapanga Jumamosi. Nilinunua mshipi mpya, nikajaza tangi la gari, nikaomba ruhusa kazini ya Ijumaa. Alhamisi usiku simu ikaita.

"Mwanangu, usije wiki hii."

Nikamuuliza, ziwa limechafuka?

"Ziwa liko zuri. Mbasa wameanza kupanda. Nikikupeleka nje hutapata kitu, na pale walipo sikupeleki. Nimeona nikuambie kabla hujachoma mafuta."

Nilinyamaza kidogo, naye akaniwahi: "Na hela ya kukaa usitume. Hii nimekaa kwa ajili yangu."

Nikamtumia hata hivyo. Kisha nikaenda sebuleni kumwambia baba, nikamkuta ameshatoa koti lake kabatini na kulitundika kwenye kiti, tayari kwa baridi ya Tukuyu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza wanapanda mpaka wapi, nami nikamwambia juu, mtoni, kwenye changarawe. Akatikisa kichwa. Koti akaliacha palepale kwenye kiti.